Mkopeshaji Asimame Nje

Kuna jambo moja ambalo padri, shehe na mkopeshaji wa Nyasubi hawalibishanii: deni hulipwa. Dawa ya deni kulipa, wahenga walishamaliza. Biblia inamlaumu anayekopa asirudishe. Uislamu umeliona deni kuwa zito kiasi kwamba Mtume alikataa kulisalia jeneza la mtu aliyekufa akidaiwa mpaka swahaba mmoja alipolibeba deni lile. Wala hakuna mzazi wa Kisukuma au wa Kisumbwa anayemlea mwanawe awakimbie watu waliomkopesha. Ndiyo maana msaidizi wa kisheria anayekaa na mama lishe kuupitia mkataba wake wa mkopo hutazamwa kwa mashaka, hata na watu wema. Anaonekana kama mtu anayefundisha wadaiwa namna ya kuchoropoka. Swali lililopo hapo ni la dini na maadili kabla halijawa la mahakama: anayemsaidia mdaiwa mbele ya mkopeshaji anaibomoa ahadi au anaisimamisha? Nadhani anaisimamisha. Nakwenda mbele kidogo zaidi: bila mtu wa tatu wa namna hiyo, sehemu kubwa ya kinachoitwa deni katika mji kama Kahama haina haki ya kuikalia dhamiri ya mtu.

Nyasubi ni kata ya mjini katika Manispaa ya Kahama, mji uliokuzwa na mchele, na barabara ya kwenda Rwanda na Burundi, na dhahabu. Mgodi wa Geita ulianza mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi 2009, na mwaka 2021 Buzwagi ukasimamisha uchimbaji. Kando ya migodi hiyo mikubwa kuna maduara ya wachimbaji wadogo, karasha, maduka ya vifaa na vibanda vya chakula. Fedha ya mji wa aina hii huja kwa mkupuo, siku mpunga unapouzwa au duara linapotoa, ilhali chakula, kodi ya pango na ada ya shule haviji kwa mkupuo. Mkopeshaji anaishi katika pengo hilo. Benki inataka dhamana yenye hati. Mkopo usio na riba unaotokana na asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ulisimamishwa Aprili 2023 ukarejeshwa 2024, na hata unapokuwepo unataka kikundi, katiba ya kikundi na subira. Mwenye mtoto anayetakiwa hospitali usiku huu hana muda wa kuandika katiba. Anabaki na mkopo ambao Watanzania wameuita kausha damu, unaotoka saa ileile kwa dhamana ya friji, pikipiki au kadi ya benki.

Hesabu yake tuifanye kwa mfano. Mtu anakopa shilingi 200,000 arejeshe 260,000 baada ya mwezi. Anakatwa palepale 20,000 za fomu, kwa hiyo anaondoka na 180,000. Amelipishwa 80,000 juu ya 180,000 alizozishika, zaidi ya asilimia 44 kwa mwezi mmoja. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewaweka wakopeshaji wasiopokea amana, wawe kampuni au mtu binafsi, katika daraja la pili linalosimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania, na kikomo cha riba walichowekewa ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo huo riba isingezidi shilingi 7,000. Lakini riba ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni karatasi. Ziko karatasi ambazo mkopaji anadhani ni mkataba wa mkopo kumbe ni hati ya mauziano ya kiwanja chake, imeachwa bila tarehe, ikisubiri siku atakayochelewa. Wako watumishi wa umma waliokabidhi kadi ya benki pamoja na namba ya siri, wakawa kila mwisho wa mwezi wanasubiri mkopeshaji ajilipe kwanza ndipo wao wapewe masalio ya mshahara wao. Na ziko programu za simu zilizozoea kuwatumia ujumbe ndugu, bosi na majirani wa mdaiwa ili aibu ifanye kazi ya dalali. Novemba 2024 Benki Kuu ilizifungia 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Sasa turudi kwenye ahadi. Ahadi hunifunga kwa sababu niliitoa nikijua ninachokitoa, na nikiwa na nafasi ya kukataa. Ukiondoa ujuzi, nimetega tu sikio kwa sauti ya mwingine nikaitikia. Ukiondoa nafasi ya kukataa, nimesalimu amri. Kuna pia sharti la tatu ambalo husahaulika: atakayesema kwamba ahadi imevunjwa, na kiasi gani nilipe kwa kuivunja, asiwe yuleyule ninayemwahidi. Mdai anayejihukumia mwenyewe na kujitekelezea mwenyewe ameshaacha kuwa mdai. Kahama inalijua jambo hili kuliko miji mingi. Sungusungu walianza pande hizi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wananchi walipochoka na wezi wa ng'ombe na majambazi ambao dola ilishindwa kuwafikia. Walirudisha usalama, na walipovuka mpaka waliumiza watu, hasa wanawake vikongwe waliotuhumiwa uchawi. Hata hivyo, walikuwa na viongozi wao na kikao cha kusikiliza. Kijana anayeingia nyumba ya mtu kubeba televisheni kwa sababu rejesho la Jumatano halijafika hana hata hicho kikao.

Vitabu vya dini vimeliona hili zamani sana, kwa undani ambao mahubiri yetu ya Ijumaa na Jumapili hayaufikii mara nyingi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika sura ya Al-Baqara, haihusu pepo wala moto wa jahanamu. Inahusu uandishi wa deni. Inaagiza muda utajwe, mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wawepo. Kisha inaweka sharti linalopitwa haraka na wasomaji wengi: maneno ya mkataba yatamkwe na anayedaiwa, na kama mdaiwa ni dhaifu au hawezi kutamka mwenyewe, msimamizi wake atamke kwa niaba yake kwa haki. Tulitafakari sharti hilo. Mwenye fedha tayari ana nguvu, kwa hiyo kauli inapewa upande wa pili, na palipo na udhaifu anaitwa mtu wa kuufidia. Msaidizi wa kisheria wa leo anafanya kazi ya msimamizi yule. Tatizo ni kwamba anaitwa baada ya vyombo kubebwa, wakati aya inamtaka awepo wino ungali mbichi.

Torati nayo, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, inamkuta mdai akienda kuchukua rehani na inamzuia mlangoni. Asimame nje, mwenye nyumba ndiye aingie, achague, atoe. Sura hiyohiyo inakataza kuchukua jiwe la kusagia, kwa kuwa anayelichukua amechukua uhai wa mtu, na inataka vazi alilolitoa maskini lirudi kwake kabla ya usiku. Hakuna deni lililofutwa katika amri hizo, hata senti moja. Kilichopimiwa mpaka ni mkono wa mdai. Na Nehemia, alipokuta watu wa Yerusalemu wameweka rehani mashamba na kuwatia watoto wao utumwani kwa madeni, hakuwahubiria subira. Aliitisha mkutano mkubwa dhidi ya matajiri, akataka mashamba yarudi pamoja na sehemu ya mia waliyokuwa wakitoza, akawaita makuhani washuhudie kiapo chao. Wafasiri wengi wanaisoma sehemu ile ya mia kuwa asilimia moja kwa mwezi. Kama wako sahihi, kikomo chetu cha asilimia 3.5 kingemshangaza Nehemia, lakini hayo tuyaache kwa sasa.

La ajabu ni kwamba sheria za Tanzania zinasema karibu yaleyale, ila zinayasema kwa lugha ambayo Nyasubi haijasomewa. Sheria ya Mikataba, kifungu cha 16, inaeleza kwamba pale mtu anapokuwa na uwezo wa kutawala utashi wa mwenzake, na mapatano yakaonekana kuwa ya kinyonyaji, mzigo wa kuthibitisha kwamba hakuitumia nafasi hiyo vibaya unamwangukia yeye mwenye nguvu. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, kifungu cha 48, inataja vitu ambavyo havikamatwi hata baada ya mahakama kutoa hukumu: nguo, vyombo vya kupikia, vitanda na malazi, zana za fundi, zana na mbegu za mkulima, nyumba ambayo mdaiwa anaishi na familia yake. Jiwe la kusagia limo humo, limevalishwa tu suti. Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mwanandoa mmoja kuiweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Na deni la mkataba, lenyewe peke yake, ni shauri la madai. Kutishiwa lokapu kwa sababu ya rejesho ni vitisho tu. Ni kweli kwamba kitu kilichowekwa rehani kwa mkataba halali kina taratibu zake tofauti. Lakini ukiweka kifungu cha 48 kando ya yanayotendeka mitaani, unaona jambo la kushangaza: mkopeshaji asiyekwenda mahakamani hubeba sufuria na cherehani ambavyo hakimu mwenyewe, baada ya kumpa ushindi, asingeruhusiwa kumpa.

Hapa ndipo upinzani wa kwanza huja, na ni mzito. Alisaini mwenyewe. Hakushikiwa bunduki. Alipokuwa anaomba alipiga magoti, leo anatafuta wakili. Kukopa harusi, kulipa matanga; kila mtu mzima anaijua methali hiyo kabla hajakopa. Nauheshimu upinzani huu kwa sababu unamchukulia mkopaji kama mtu mwenye akili, na wako watetezi wa maskini wanaomgeuza mdaiwa mtoto asiyejua lolote. Wako pia wakopaji wajanja, wanaokopa kwa watu wanne siku moja wakijua hawatamlipa hata mmoja. Ila saini inathibitisha kitu kimoja tu, kwamba kalamu iligusa karatasi. Haithibitishi kwamba mtu alijua anauza kiwanja. Aliyesaini mkopo anapaswa kuulipa mkopo. Hapaswi kulipa mauzo ambayo hakuyafanya. Na mkopo wenyewe, ukishatenganishwa na yaliyobandikwa juu yake, una kiasi. Hata Qur'ani, inayoikemea riba kwa maneno makali kuliko sheria yoyote ya Bunge, inamwachia mkopeshaji rasilimali yake: asidhulumu, naye asidhulumiwe. Kwa hiyo Mwislamu asiyetaka kusikia habari ya asilimia 3.5 wala 1 bado anakubali kwamba zile 180,000 zirudi. Kazi ya msaada wa kisheria ni kulipima deni. Anayelalamika kwamba limepimwa anatuambia kitu kuhusu mizani aliyokuwa akitumia.

Tukitaka ushahidi kwamba kupima si kukwepa, tuitazame Serikali yetu yenyewe, maana Tanzania imewahi kukaa kwenye kiti cha mdaiwa kwa muda mrefu. Katikati ya miaka ya 1980 Mwalimu Nyerere aliuliza mbele ya dunia kama ni halali watoto wakose chakula ili madeni yalipwe. Novemba 2001 nchi ilifikia hatua ya mwisho ya mpango wa kuzipunguzia mzigo nchi maskini zenye madeni makubwa, baada ya mazungumzo marefu yenye wachumi na wanasheria, na baada ya makanisa duniani kuisoma upya habari ya Yubile katika Mambo ya Walawi. Jirani yetu Zambia ilikutana na kausha damu wa kimataifa. Deni lake kwa Romania, lililotokana na ununuzi wa matrekta mwaka 1979, lilinunuliwa mwaka 1999 na kampuni ya Donegal International kwa zaidi kidogo ya dola milioni 3, kisha kampuni hiyo ikaenda Mahakama Kuu ya London kudai dola milioni 55. Mwaka 2007 mahakama iliiamuru Zambia ilipe takriban milioni 15. Fedha nyingi hizo, na wengi walikasirika. Lakini kati ya 55 na 15 palikuwa na wakili na jaji. Mwaka 2008 kikaanzishwa, chini ya Benki ya Maendeleo ya Afrika, chombo cha kuzipa nchi za Afrika msaada wa kisheria dhidi ya wadai wa aina hiyo na katika mikataba mikubwa. Hakuna aliyeziambia serikali hizo kwamba zilisaini zenyewe na zinyamaze. Sioni kanuni ya maadili inayompa waziri wa fedha haki ya kuwa na mtu wa kumsomea mkataba na kumnyima haki hiyo muuza mihogo wa Nyasubi. Kama ipo tofauti, inaelekea upande wa muuza mihogo, kwa sababu waziri ana shahada.

Upinzani wa pili ni wa kibiashara, na watu wa soko huusema kwa sauti ya chini: mkimbana mkopeshaji ataondoka, na mtoto wa usiku ule atakosa hata hiyo laki mbili. Riba iko juu kwa sababu hatari iko juu. Jibu lake liko chini ya ardhi ya ukanda huu. Mfadhili wa duara hutoa chakula, mafuta ya jenereta na vifaa kwa wachimbaji kwa miezi, na malipo yake ni sehemu ya mifuko ya mawe itakayotoka. Mawe yasipokuwa na kitu, amepoteza pamoja nao. Mgawo wake unaweza kuwa mkubwa, na mara nyingine una dhuluma zake, lakini hatari aliibeba kwa kweli. Wanasheria wa Kiislamu wangeutambua ushirika huo kuwa ndugu wa mudharaba, ubia wa mtaji na kazi. Mwenye kushika kadi ya benki ya mwalimu na namba yake ya siri amebeba hatari gani? Mshahara unamfikia yeye kabla haujamfikia aliyeufanyia kazi. Hatari inapokuwa ndogo na bei kubwa, kinachouzwa ni dhiki ya mteja. Nakiri kwamba wakopeshaji wachache watafunga duka endapo sheria itafika mtaani, na kwamba kuna mtu atakayepata shida kwa hilo wiki ya kwanza. Hoja hiyo inadai ushirika wa akiba na mikopo wenye nguvu, vikundi vya daraja la nne la Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha vinavyosajiliwa halmashauri, na mikopo ya asilimia kumi isiyokatikakatika. Haitoi ruhusa ya kuendelea kuvunja milango.

Upinzani wa tatu hutoka ndani ya nyumba za ibada, nao ndio unaonisumbua zaidi. Waumini wasishtakiane, wanasema. Wapatane, wasameheane, wamwachie Mungu. Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho kwa kupelekana mahakamani, na kila padri anaujua waraka ule. Lakini tukiusoma mpaka mwisho, Paulo aliwauliza kama hapakuwa hata na mwenye busara mmoja kati yao wa kuamua. Hakutaka mwenye nguvu aachiwe uwanja; alitaka mwamuzi aliye karibu. Suluhu isiyo na mtu anayezijua namba humalizika kwa mdaiwa kukubali kulipa kidogokidogo kiasi kilekile cha dhuluma, na wote wakapeana mikono mbele ya mchungaji. Upande wa Kiislamu upo mfano ulio wazi zaidi. Yule Mtume aliyekataa kulisalia jeneza la mdaiwa, hazina ilipopata mali alibeba mwenyewe madeni ya waumini waliokufa bila cha kulipia, na wadaiwa wamo katika makundi nane ya wanaostahili zaka kwa mujibu wa sura ya At-Tawba. Uzito wa deni ulijibiwa kwa mtu wa tatu kuingia kati. Misikiti na makanisa ya Kahama yanayokusanya sadaka kila wiki yangeweza, kwa gharama isiyozidi ile ya spika mpya, kumpatia msaidizi wa kisheria meza na kiti siku mbili kwa wiki.

Wasaidizi hao si wa kubuni. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua, imeweka msajili wao, na tangu 2023 kampeni ya kitaifa yenye jina la Rais imekuwa ikipita mikoani kutoa huduma bure. Msafara huja ukaondoka, rejesho ni la kila wiki. Hiyo ni kasoro ambayo shukrani zetu zisiifunike. Msaidizi wa kisheria haruhusiwi kusimama mahakamani kama wakili, na si lazima. Mengi huisha kwa barua moja inayomwuliza mkopeshaji namba ya leseni yake, nakala ya mkataba wa Kiswahili, na mchanganuo wa riba. Asipojibu, tawi la Benki Kuu inayomsimamia liko Mwanza. Anayesambaza picha na majina ya wadaiwa ana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ya kumjibu.

Ila mahali pa kuanzia pako karibu zaidi kuliko Mwanza, na panahitaji uamuzi wa mtu anayefahamika mtaa mzima. Mikopo mingi ya aina hii hupitia kwa mwenyekiti wa mtaa, na muhuri wake ndio unaompa mkopeshaji ujasiri wa kusema kwamba kila kitu kilifanyika kihalali. Mwenyekiti anaweza, bila kusubiri kanuni mpya kutoka Dodoma, kukataa kugonga muhuri mpaka mkopaji aseme kwa mdomo wake: nimepokea mkononi shilingi ngapi, nitarudisha ngapi, lini, na nikishindwa kitachukuliwa nini na nani. Yaandikwe hayo kama alivyoyasema, mwenzi wake awepo kama dhamana ni ya nyumbani, nakala ibaki ofisini. Akishindwa kueleza, msaidizi wa kisheria aitwe kabla ya kalamu. Mkopeshaji mwenye leseni hatapoteza chochote kwa dakika kumi hizo. Asiye nayo ataanza kutafuta shahidi wa mtaa mwingine, na mwenyekiti atakuwa amejua ni jina la nani aliandike kwenye barua ya kwenda Mwanza.